Chakula Bila Pumzi Hakina Nguvu



Mwezi huu tunaanza na jambo ambalo karibu kila nyumba hapa kambini inalifahamu. Mama amekula. Ugali na maharage vimeshuka, tumbo limeshiba. Anatwika jerikani la lita 20, anaanza kupanda kilima, lakini kabla ya nusu ya njia anaketi chini. Moyo unapiga mbio, masikio yanavuma, miguu imelegea. Anayepita anasema, "Huyu ni uvivu tu." Mwingine anasema, "Ni mawazo ya vita." Mwingine anaanza kumtafuta aliyemroga.

Mawazo yanaweza kumchosha mtu, hatukatai. Wengi wetu tumebeba mizigo isiyoonekana. Lakini mara nyingi jibu liko ndani ya damu au ndani ya mapafu. Chakula kimefika mwilini, ila hewa ya kukichoma haikufika ya kutosha. Basi mtu ameshiba na bado hana nguvu.

Leo tutaeleza polepole jinsi mwili unavyotumia hewa ya oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Ukiielewa njia hiyo, utaelewa pia kwa nini muuguzi anahesabu pumzi za mtoto wako, kwa nini anaangalia viganja vya mama mjamzito, na kwa nini ni hatari kulala na mbabula ndani ya nyumba.

CHAKULA NI KAMA MKAA

Kila aliyewahi kuwasha mbabula anajua jambo hili. Mkaa, au makala kama wengine tunavyosema, ukiachwa bila kupepewa unafuka tu na kuzimika. Ukipepea, unawaka. Mkaa ni ule ule, kilichoongezeka ni hewa. Na ukifunika mbabula kabisa, moto unakufa hata kama mkaa bado umejaa.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Chakula ni mkaa, na pumzi ndiyo inayopepea. Tofauti ni kwamba ndani yetu hakuna ndimi za moto. Chakula kinachomwa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kwenye joto la nyuzi 37 hivi, ndiyo maana hatuungui. Lakini joto lenyewe lipo. Mshike mkono mtu aliye hai, utalisikia.

Haya si mafumbo tu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Simbilisi ni yule mnyama mdogo anayefugwa sana jikoni katika vijiji vya Kivu. Walipima barafu kiasi gani iliyeyuka kwa joto la mwili wake, wakapima pia hewa aliyoitoa puani. Kisha wakalinganisha na joto na hewa inayotoka mkaa ukiungua. Hesabu zilikaribiana. Wakasema: kupumua ni kuungua kwa polepole.

SAFARI YA PUMZI MOJA

Hebu vuta pumzi sasa hivi, tuifuate inakokwenda.

Katika kila sehemu 100 za hewa uliyovuta, sehemu 78 hivi ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii kwa kazi hii. Sehemu 21 ni oksijeni. Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, bila hata kufikiri.

Hewa inashuka kooni, inaingia kwenye mapafu, inapita vijia vinavyogawanyika kama matawi ya mti, mpaka inafika kwenye vifuko vidogo sana. Vifuko hivyo ni mamilioni kwa mamilioni. Kama mtu angeweza kuvifungua na kuvitandaza chini, vingefunika eneo la mita za mraba 70 hivi, yaani uwanja wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7. Wako watu hapa ambao nyumba yao yote ni ndogo kuliko mapafu yao!

Ukuta wa kifuko kimoja ni mwembamba mno. Upande mmoja ni hewa, upande wa pili ni damu. Oksijeni inapenya na kuingia kwenye damu, nako damu inarudisha hewa chafu, ile inayoitwa kaboni dayoksaidi, ili itolewe nje.

Ndani ya damu oksijeni inapakiwa kwenye malori. Malori hayo ni chembe nyekundu za damu. Ndani ya kila chembe kuna kitu kinachoitwa himoglobini, nacho kimejengwa na madini ya chuma. Ndiyo, chuma, kama kile cha jembe na panga, ila kidogo sana. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwili mzima, na karibu theluthi mbili ya hicho iko ndani ya himoglobini. Chuma hicho ndicho kinachoishika oksijeni. Bila chuma, lori halina mahali pa kuweka mzigo.

Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa ametulia moyo wake unaizungusha yote mara moja kwa dakika hivi. Malori haya yanachakaa. Chembe nyekundu moja inaishi siku 120 tu, yaani miezi 4. Kwa hiyo mifupa yetu inatengeneza mapya mchana na usiku, karibu milioni 2 kila sekunde. Sasa fikiri: kiwanda cha namna hiyo kikikosa chuma, itakuwaje?

MAJIKO MADOGO NDANI YA MWILI

Mwili wote umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Damu inapopita karibu yake, kila seli inapokea vitu viwili: chakula na oksijeni.

Chakula kimekwisha kusagwa tumboni na kwenye utumbo. Ugali, muhogo, mchele na viazi vimegeuka sukari ndogo inayoitwa glukosi. Mafuta ya kupikia yamevunjwa kuwa vipande vya mafuta. Maharage na ndagala vimeleta protini, ambayo kazi yake kubwa ni kujenga mwili, ingawa nayo inaweza kuchomwa chakula kingine kikipungua. Ndiyo maana mtoto mwenye njaa hakui: mwili unachoma matofali ya kujengea nyumba.

Ndani ya seli kuna majiko madogo yanayoitwa mitokondria. Seli ya moyo ina maelfu yake, kwa sababu moyo haupumziki. Na jambo la kupendeza ni hili: mitokondria tunairithi kutoka kwa mama. Majiko yaliyo ndani ya mwili wako yalitoka kwa mama yako, naye aliyapata kwa bibi yako.

Kazi inakwenda hivi. Kwanza glukosi inakatwa vipande viwili nje ya jiko. Hatua hii haihitaji oksijeni, lakini faida yake ni ndogo. Kisha vile vipande vinaingia ndani ya mitokondria, vinavunjwa zaidi na zaidi, na nguvu iliyokuwa imefungwa ndani yake inachukuliwa taratibu. Nguvu hiyo inawekwa kwenye kitu kinachoitwa ATP. Unaweza kusema chakula ni noti kubwa na ATP ni chenji. Kwenda sokoni na noti kubwa kununua fungu la nyanya ni tabu. Misuli, ubongo na moyo vinanunua kwa chenji tu.

Sasa oksijeni inafanya nini hapo? Wengi wanadhani inaingia mwanzo. Kumbe kazi yake ni ya mwisho. Mmewaona vijana wakishusha magunia kutoka kwenye lori kwa kupokezana: wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mpaka wa mwisho anayeliweka ghalani. Yule wa mwisho akiondoka, nini kinatokea? Aliye mbele yake anabaki na gunia mikononi, hawezi kupokea jingine. Punde mstari wote umesimama, hata kama lori limejaa. Oksijeni ndiyo kijana yule wa mwisho. Inapokea mabaki ya kazi yote na kuyageuza kuwa maji. Isipokuwepo, mstari unasimama, jiko linazimika, na chakula kinabaki pale bila faida.

Tazama hesabu. Glukosi moja bila oksijeni inatoa ATP 2 tu. Glukosi hiyo hiyo ikiwa na oksijeni inatoa ATP 30 hivi. Ugali ni ule ule, tofauti ni pumzi.

Na mwili hauwezi kuweka akiba kubwa ya ATP. Iliyopo inatumika mara moja, inatengenezwa tena, inatumika tena. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula na siku chache bila maji, lakini bila hewa ni dakika tu. Ubongo ndio unaoumia mapema zaidi. Uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Ukikosa kabisa kwa dakika 4 au 5, unaanza kuharibika.

Baada ya kazi yote, chakula kimekuwa nguvu, maji na kaboni dayoksaidi. Unavyovitoa mwenyewe unaweza kuviona: pumua kwenye kioo, kitapata ukungu. Unyevu ule unatoka mwilini mwako, na sehemu yake ilizaliwa kutokana na chakula ulichokula.

MKIMBIZI ALIYEONYESHA NJIA HII

Labda utashangaa kusikia kwamba mmoja wa watu waliofungua siri hii alikuwa mkimbizi.

Hans Krebs alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Hildesheim, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea udaktari. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 Wanazi walipochukua serikali, walitoa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za umma. Krebs alikuwa anafanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu cha Freiburg, na tayari alikuwa amepata sifa kwa uchunguzi wake. Haikumsaidia. Alifukuzwa kazi, na mwaka huo huo akakimbilia Uingereza na vitabu vichache na masanduku ya vyombo vyake vya maabara.

Huko Cambridge alipokewa na mwanasayansi aliyeitwa Frederick Gowland Hopkins, akapewa nafasi ya kuendelea na kazi. Mwaka 1935 akahamia Sheffield. Hapo alichukua misuli ya kifua cha njiwa, kwa sababu misuli inayorusha ndege inatumia oksijeni nyingi, akaisaga na kupima ilivyokuwa inavuta hewa alipoongeza asidi mbalimbali, mojawapo ikiwa ile inayopatikana katika ndimu. Mwaka 1937 akaelewa. Vipande vya chakula havivunjwi kwa mstari ulionyooka. Vinazunguka kama gurudumu: kila mzunguko unatoa kaboni dayoksaidi na nguvu, kisha unarudi pale ulipoanzia, tayari kupokea kipande kingine.

Alituma habari hiyo kwa jarida la kisayansi linaloitwa Nature. Wakamjibu kwamba wana barua nyingi mno, hawana nafasi. Akaipeleka kwingine, ikachapishwa. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Aliyegawana naye tuzo hiyo alikuwa Fritz Lipmann, Myahudi mwingine aliyeondoka Ujerumani, akapitia Denmark na kufika Marekani mwaka 1939. Lipmann ndiye aliyesaidia dunia kuelewa kazi ya ATP, ile chenji tuliyoitaja. Leo wanafunzi wa biolojia dunia nzima, na watoto wetu watakaofika sekondari pia, wanafundishwa gurudumu hilo kwa jina lake: mzunguko wa Krebs.

BARIYERI TATU NJIANI

Wengi wetu tulipokimbia tulijifunza maana ya bariyeri. Mzigo upo, barabara ipo, lakini hupiti. Oksijeni nayo inawekewa bariyeri. Hapa tutazitaja tatu zinazoua watu katika kambi na vijiji vyetu. Zote zinaweza kuondolewa zikijulikana mapema.

Bariyeri ya kwanza: moshi na mkaa ndani ya nyumba

Mkaa unaowaka kwenye nyumba iliyofungwa unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia kwenye mapafu, inapanda malori ya oksijeni, na inakishika kile chuma cha himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Malori yanazunguka, lakini yamebeba sumu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, anataka kulala. Akilala, huenda asiamke.

Jamaa, usiingize mbabula ndani ili kupata joto usiku, hata kama mkaa "umekwisha kuwa mwekundu na hautoi moshi". Ule mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya watu. Jifunikeni blanketi, watoto walale karibu na mama, mbabula ibaki nje. Ukimkuta mtu amelegea ndani ya nyumba yenye mkaa, fungua mlango, mtoe nje haraka kwenye hewa safi bila wewe mwenyewe kukaa ndani, kisha mpeleke kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu. Mama mjamzito apelekwe bila kuchelewa, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaumia zaidi.

Moshi wa kuni nao unaharibu mapafu polepole, hasa ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Pika nje au mahali penye hewa, tumia kuni zilizokauka, loweka maharage usiku kucha na funika sufuria ili yaive mapema. Kuni zitapungua na moshi utapungua.

Bariyeri ya pili: nimonia

Katika nimonia vile vifuko vya mapafu vinajaa majimaji na usaha. Hewa inaingia puani lakini haifiki kwenye damu. Mtoto analazimika kupumua haraka haraka ili kupata ile ile kidogo. Kupumua huko ni kazi, nayo inamaliza nguvu aliyobaki nayo.

Huhitaji mashine kuligundua hili. Mtoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi, inua nguo na tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka. Hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa au simu. Mtoto mwenye kikohozi au pumzi ngumu anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- ana umri chini ya miezi 2, na anapumua mara 60 au zaidi;
- ana miezi 2 hadi 11, na anapumua mara 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi miaka 5, na anapumua mara 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona kifua kinaingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vina rangi ya bluu, au hawezi kunyonya wala kunywa, au ana degedege, au amelegea haamki, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi. Usianze kwa kumkata kimeo, kumchanja kifuani wala kumpaka dawa za kienyeji kwanza. Kila saa inayopita, majiko yake yanazimika.

Chanjo zinakinga baadhi ya aina za nimonia. Tunza kadi ya chanjo kama unavyotunza karatasi ya ukimbizi.

Bariyeri ya tatu: upungufu wa damu

Hapa hewa ni nzuri na mapafu ni mazima, ila malori ni machache. Huyu ndiye mama yetu wa kilimani anayeitwa mvivu. Moyo unapiga mbio kwa sababu unajaribu kuyazungusha malori machache mara nyingi zaidi.

Nini kinapunguza damu? Malaria, kwa sababu vijidudu vyake vinaingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu ndani ya utumbo. Kutokwa damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua. Mimba, kwa sababu mtoto anajenga damu yake kwa chuma cha mama. Na chakula kisicho na chuma cha kutosha. Wako pia wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zao nyekundu zinaharibika mapema mno.

Dalili za kutazama: viganja vyeupe, ndani ya kope za chini kweupe badala ya kuwa kwekundu, kuchoka upesi, kuishiwa pumzi, kichwa kuuma, na wengine kutamani kula udongo. Mtoto mwenye viganja vyeupe kabisa apelekwe kituo cha afya mara moja. Upungufu mkali wa damu kutokana na malaria unaua watoto.

Nyumbani fanya haya. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Mtoto akipata homa, apimwe malaria upesi, na dawa aimalize yote. Vaeni viatu, tumieni choo. Kula majani ya kijani kama lengalenga na sombe, maharage, ndagala au sambaza, na maini au nyama ikipatikana, hata kidogo. Ongeza ndimu, nyanya, chungwa au papai kwenye mlo ule ule, kwa sababu vinasaidia mwili kukipokea chuma cha majani na maharage. Chai na kahawa vinakizuia, basi vinywe saa moja au mbili mbali na mlo.

Mama mjamzito, vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki si vya kuweka kwenye kopo. Wengine wanaviacha kwa sababu choo kimekuwa cheusi au tumbo linasumbua. Choo cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo hakina hatari. Tumbo likisumbua, mweleze muuguzi, usikae kimya. Ila viweke mbali na watoto, maana mtoto akivimeza vingi ni sumu kwake.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, soda nyekundu au maji ya rangi nyekundu yanaongeza damu?
Hapana. Rangi haigeuki damu. Mwili unatafuta chuma, foliki na protini. Pesa ya soda moja ikinunua fungu la lengalenga na kipimo cha ndagala, damu itafaidika zaidi.

Mtu mwenye upungufu wa damu akivuta pumzi ndefu ndefu, atapona?
Hapana. Mapafu mazima tayari yanajaza karibu malori yote yanayopita. Shida ni kwamba malori ni machache. Lazima yaongezwe, na hiyo inachukua wiki kadhaa za vidonge na chakula bora. Ndiyo maana dawa haiachwi siku ya tatu.

Kwa nini nikikimbia sana au nikibeba mzigo mzito miguu inaungua na ninahema hata baada ya kusimama?
Misuli imetumia nguvu kupita oksijeni iliyofika. Kwa muda ikafanya kazi kwa ile njia ya ATP 2, na asidi ikajaa. Kuhema baada ya kusimama ni kulipa deni hilo. Kwa mtu mwenye afya linalipwa kwa dakika chache. Lakini ukihema hata ukiwa umeketi, au ukishindwa na kazi ambayo mwezi uliopita uliiweza, nenda ukapimwe.

JARIBU NA WATOTO

Simamisha mshumaa mfupi kwenye sahani, uwashe, kisha uufunike kwa glasi. Mtu mzima awepo. Watoto wahesabu: moja, mbili, tatu... Moto utafifia na kuzimika, ingawa mshumaa bado upo. Rudia kwa chupa kubwa ya kioo. Utawaka muda mrefu zaidi. Kisha waulize: kilichokwisha ni mshumaa, au ni hewa? Wakijibu sawasawa, wameelewa ukurasa huu wote.

KWA KUMALIZA

Hapa kambini tunazungumza sana habari ya chakula, na ni haki yetu, kwa sababu mgao ukipungua kila nyumba inasikia. Lakini tusisahau nusu ya pili ya mlo, ambayo haipangwi mstari wala kupimwa kwa kopo. Hewa safi ndani ya nyumba, mapafu mazima na damu yenye chuma ndivyo vinavyokifanya kile chakula kidogo tulicho nacho kizae nguvu yote iliyo ndani yake.

Basi kabla ya kumwita jirani mvivu, tazama viganja vyake. Kabla ya kulala leo, hakikisha mbabula iko nje. Na mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake dakika moja nzima.

Ukimaliza kusoma, msomee asiyejua kusoma, kisha mpe jirani gazeti hili. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.